Askari Aliyekufa kwa Ugonjwa

Lukole ni mahali padogo katika wilaya ya Ngara, si mbali na njia itokayo mipaka ya Rwanda na Burundi kuelekea Biharamulo na Ziwa la Viktoria. Walio wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990, wakimbizi wa Burundi walipopewa makazi huko, na makazi hayo yakadumu mpaka mwaka 2008. Lakini nchi ile ilizoea vishindo vya miguu ya wageni zamani kabla ya hapo. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yaliyokuwa yamekwisha kuitwaa Rwanda, yalivuka Mto Kagera na kuingia katika nchi hizi. Na kabla mwezi haujaisha, boma la Wajerumani la Biharamulo lilikuwa mikononi mwao.

Vitabu vya vita hivyo vimewataja majemadari wote. Jemadari Tombeur wa Wabelgiji alipewa hata jina la ukabaila kwa kuuteka mji wa Tabora. Kanali Molitor, aliyeongoza kikosi kilichofika Biharamulo, anayo sehemu yake katika sura za vitabu. Na Wahle, aliyewaongoza Wajerumani wa magharibi, anayo ya kwake. Makala haya yamhusu mtu wa chini yao: askari wa kawaida, aliyekwenda kwa miguu, akachukua bunduki, akaugua njiani, akafa. Jina lake halikuandikwa kitabuni, nami sitambunia jina. Lakini nasema mtu wala sisemi watu, kwa kuwa kifo humjia kila mmoja peke yake, ijapokuwa wenye madaftari hukihesabu kwa maelfu. Yafaa tuulize aliishi vipi, ni kitu gani kilichomwua, na kwa nini kifo chake kimesahauliwa upesi hivyo.

Kwanza tumtazame katika maisha yake. Jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki liliundwa rasmi mwaka 1891. Askari wake wa mwanzo walitoka mbali: Wasudani walioandikwa Misri, na watu wa kusini walioletwa kutoka Msumbiji. Baadaye waliandikwa wenyeji wa bara, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914 jeshi hilo lilikuwa na kompania 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Askari alianza kwa mshahara wa rupia 20 kwa mwezi, fedha zilizopita ujira wa kibarua wa shamba. Alikuwa na cheo cha kutamani, ombasha au shaushi. Alikuwa na nyumba, mke, watoto, na pengine mtumishi wa kumchukulia vitu. Kambini jamaa zake walikaa naye, na safarini aghalabu walimfuata nyuma. Alikuwa mtu aliyeajiriwa, mwenye jamaa wa kulisha na heshima ya kulinda.

Hapana budi kusema pia kwamba heshima hiyo ilikuwa chungu kwa wengine. Askari hao ndio walioyachoma moto mashamba na maghala ya kusini katika Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Mwanakijiji alipoliona vazi la askari hakufikiri juu ya ulinzi. Alifikiri juu ya kodi, kiboko na kuku aliyenyang'anywa. Anayeandika habari za askari huyu akimfanya malaika atakuwa ameidanganya historia. Na akimfanya shetani, ataidanganya vile vile. Alikuwa mtu aliyejipatia nafasi katika ulimwengu ambao hakuutengeneza, akawaumiza wenziwe katika kuitumia.

Ng'ambo ya mpaka walikuwako wenziwe wa namna moja. Waingereza walikuwa na jeshi la King's African Rifles, maarufu kwa herufi KAR, lililoundwa mwaka 1902 na kujaza Wanyasa, Wasudani, Wasomali na baadaye watu wa makabila mengi ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenyewe. Wabelgiji walikuwa na Force Publique ya Kongo, iliyotoa askari zaidi ya 10,000 kwa vita vya 1916. Kiswahili kilisikika katika pande zote tatu. Yamkini askari aliyelala karibu na Kagera usiku wa Juni 1916 aliweza kuyaelewa maneno ya adui wake lau upepo ungaliyaleta.

Lakini askari mmoja hakwenda vitani peke yake. Nyuma yake walikuwako wapagazi, na hapa ndipo lilipo fumbo la vita hivi. Katika nchi kubwa hii reli zilikuwa chache, na barabara za magari hazikuwako ila kwa nadra. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Kilichosalia ni kichwa na mabega ya mwanadamu. Basi tufanye hesabu kidogo. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 50, naye alihitaji kula ratili 2 za unga kila siku. Ikiwa mzigo wake ni chakula, akienda siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa ameula karibu wote mwenyewe, na yule askari aliye mbele hakupata kitu. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na ziwa au reli, ndivyo walivyotakiwa wapagazi zaidi wa kuwachukulia wapagazi wengine chakula. Ndiyo sababu vita vilivyopiganwa na makumi elfu ya askari vilikula mamia elfu ya watu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi waliopata milioni moja katika vita vyote. Wabelgiji huhesabiwa kuwa walitumia kama 260,000.

Wachache wa hao walijitolea. Katika Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwakamata watu kwa kazi hii, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa wilaya baada ya wilaya. Mshahara wa mpagazi ulikuwa rupia 5 kwa mwezi, kisha 6. Kila mmoja alipewa kibati chenye namba cha kuvaa. Katika nchi walizozitwaa, Wabelgiji waliwatoza machifu watu na chakula, na Wajerumani walikuwa wamekwisha kufanya hivyo kabla yao. Mtu wa milima ya Rwanda, Burundi au Bugufi, aliyezoea hewa ya baridi, ndizi na maharage, alijikuta katika mabonde ya joto yenye mbu na maji machafu, akipewa chakula ambacho mama yake hakupata kukipika. Methali yasema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Katika vita hivi nyasi hazikukanyagwa tu. Zilitwishwa tembo mgongoni.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Adui wa kwanza alikuwa tumbo la kuhara damu. Chanzo chake kilikuwa maji, lakini chakula kilikuwa mshirika wake mkubwa. Unga wa mahindi uliotolewa kwa majeshi ulisagwa vibaya, mara nyingi ukiwa na makapi makali. Ulihitaji kupikwa muda mrefu. Lakini mpagazi alifika kambini jua limetua, amechoka, kuni ni mbichi kwa mvua, na sufuria ni moja kwa watu wengi. Akaukoroga, akaula nusu mbichi. Kwa wale ambao kwao chakula ni ndizi, wali au ulezi, unga huo uliyachubua matumbo, na maradhi yakapata mlango. Oscar Watkins, Mwingereza aliyejua Kiswahili na kuwasimamia wapagazi wa upande wa Waingereza, aliupigania upishi bora, mablanketi na hospitali. Na penye upishi wa pamoja na chakula cha kufaa vifo vilipungua. Jambo hili lafaa kukumbukwa sana, kwa kuwa laonyesha kwamba vifo vile havikuwa amri ya mbingu. Dawa yake ya kwanza ilikuwa sufuria, kuni na saa mbili za kupumzika.

Adui wa pili alikuwa malaria. Wajerumani, walipozuiliwa baharini wasipate dawa kutoka kwao, walitengeneza kwinini katika kituo chao cha Amani, Usambara, kwa magome ya mti wa sinkona. Na baadaye porini walichemsha magome hayo wakanywa maji yake machungu. Adui wa tatu alikuwa kichomi, kilichowapata waliolala kwenye mvua bila blanketi. Walikuwako tena ndui, homa ya uti wa mgongo, na mdudu mdogo aitwaye funza, aingiaye katika vidole vya miguu. Mtu aliyekaa nyumbani aweza kumdharau funza. Kwa mtu aliyepaswa kwenda maili 15 kwa siku bila viatu, funza alikuwa mwanzo wa kidonda, kidonda kikawa mwanzo wa kuchelewa, na kuchelewa kukawa mwanzo wa kuachwa.

Katika neno hilo, kuachwa, ndimo kinamokaa kifo cha askari wetu. Mtu aliyepigwa risasi alianguka mbele ya wenziwe, na saa ya kuanguka kwake ilijulikana. Mgonjwa alikufa polepole. Siku ya kwanza alitoka mstarini mara mbili tatu kwenda kichakani. Siku ya pili mwenziwe alimchukulia bunduki. Siku ya tatu alikaa chini ya mti akisema atafuata. Kama alikuwa na bahati, machela ilipatikana, au kijiji kilikuwa karibu. Au wale waliomfuatia kwa kumpiga walimkuta wakamtia katika hospitali yao. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kwa kuwa halikuwa na nafasi ya kuwachukua, liliwaacha wagonjwa wake wengi wachukuliwe na Waingereza. Asiyekuwa na bahati alibaki chini ya mti.

Mwezi wa Julai 1916 kikosi cha Molitor kilipambana na Wajerumani huko Kato, kusini ya ziwa, na wakati huo huo Waingereza waliuchukua mji wa Mwanza. Kutoka hapo majeshi yalishuka kuelekea Tabora, katika nchi kavu ya Unyamwezi, wakati wa kiangazi, ambapo maji yalikuwa machache na visima viligombewa. Mji wa Tabora uliingiwa tarehe 19 Septemba 1916. Katika taarifa za majeshi safari hii ni habari ya ushindi. Lakini kila mwendo wa siku moja kutoka Kagera mpaka Tabora uliacha wagonjwa nyuma yake, na waliokufa walizikwa kando ya njia, bila jiwe.

Tuseme kidogo kwa tarakimu, tusije tukadhaniwa kuwa twatia chumvi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, wote Wazungu, kiliingia vitani mwezi wa Februari 1916 kina watu 1,135. Kufika Oktoba waliofaa kwa kazi walibaki 116, na walipigana kidogo sana. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa mwaka ule Waafrika Kusini wapatao 12,000 au zaidi walirudishwa kwao. Mahali pao pakajazwa na Waafrika, kwa dhana kwamba wao hawaugui. KAR ilikuzwa mpaka ikapita watu 30,000. Jeshi hilo lilihesabu askari 5,117 waliouawa na kujeruhiwa, na wengine 3,039 waliokufa kwa maradhi tu. Wapagazi wa Waingereza waliokufa walihesabiwa kupata kama 95,000, karibu wote kwa maradhi. Wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Mzungu alipougua, ugonjwa ulikuwa sababu ya kumrudisha nyumbani. Mwafrika alipougua, ugonjwa ulikuwa sababu ya kumwandika mwingine.

Wala maradhi hayakuwauliza watu kama wamevaa sare. Daktari Ludwig Deppe, aliyefuatana na jeshi la Lettow-Vorbeck, aliandika mwaka 1919 kwamba walikopita waliacha nyuma yao mashamba yaliyoharibiwa na maghala yaliyoporwa. Katika Ugogo vita viliacha njaa iliyoitwa Mtunya. Katika Rwanda, njaa ya Rumanura ya 1916 mpaka 1918. Kisha ikaja homa ya mafua ya mwaka 1918. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918 akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168. Askari hao walipelekwa Tabora kuwekwa kizuizini, na homa ile ikawakuta wamekusanyika. Fikiri, msomaji: mtu amepona Tanga, amepona Mahiwa, amevuka Mto Ruvuma mara mbili, amekwenda kwa miguu miaka minne, amani imekwisha tangazwa, naye anakufa kwa mafua katika mji ambao reli yake ingemfikisha pwani.

Baada ya vita wakubwa waligawana nchi. Mwaka 1921 Wabelgiji waliondoka Kigoma na Biharamulo, wakabaki na Rwanda na Burundi. Nchi ya Bugufi, iliyokuwa ya Burundi, ikatiwa katika Tanganyika, na ndiyo sehemu ya Ngara ya leo. Mipaka iliandikwa kwa uangalifu, kijito kwa kijito. Wafu hawakuandikwa hivyo. Tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilikuwa na kanuni kwamba kila mfu awe na jina lake juu ya jiwe, tajiri na maskini sawa. Lakini katika Afrika ya Mashariki ilikubali kwamba kwa Waafrika sanamu chache zatosha. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yamee majani. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilichapisha uchunguzi wake, ikaomba radhi, na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Ukosefu wa jina si jambo la kumbukumbu tu. Ni jambo la haki. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikudaiwa, kwa kuwa waliandikwa vibaya na jamaa zao hawakupatikana. Watkins alitaka fedha hizo zitumiwe kwa faida ya watu waliozifanyia kazi. Serikali ya Uingereza haikukubali. Kwa upande wa Wajerumani, katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliokuwa hai bado. Inasimuliwa kwamba mzee asiyekuwa na cheti alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani kama kwamba ameshika bunduki, na aliyeitii amri alijulikana kuwa kweli alikuwa askari. Iwe kisa au iwe kweli, hadithi hii yafundisha jambo. Mwili wa aliye hai ulikuwa cheti chake. Yule aliyekufa chini ya mti hakuwa na mwili wa kuonyesha.

Katika Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, ya shaba nyeusi, bunduki mkononi, singe mbele, na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni sanamu nzuri. Lakini mtu yule wa shaba ni mzima. Misuli yake imejaa, tumbo lake halimsumbui. Askari wetu, na mpagazi aliyemfuata, hawakufa hivyo. Kumbukumbu iliyo karibu zaidi na kweli yao haiko juu ya nguzo. Iko katika jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi. Maelfu huenda sokoni pale kila siku kununua chakula, kitu ambacho kukosekana kwake, au kupikwa kwake vibaya, ndiko kulikowaua wale ambao mtaa waitwa kwa jina lao.

Mtu aweza kunipinga akisema: askari huyu alipigania wageni, dhidi ya ndugu zake, kwa fedha, kwa nini tumlilie? Pingamizi hili lina nguvu, nami silipuuzi. Katika mkoa huu huu wa Kagera, huko Kaboya, wilaya ya Muleba, wamezikwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita vya 1978 na 1979. Hao walitetea nchi yao, na taifa limewajengea makaburi na kuwakumbuka. Wawili hawa si sawa, wala siombi wawekwe mahali pamoja. Lakini kumbukumbu si tuzo ya sifa njema tu. Tunamkumbuka mtu ili tujue lililotendeka. Tukimwacha askari wa 1916 nje ya historia kwa sababu bwana wake alikuwa mgeni, tutakuwa tumemwachia bwana yule kuieleza peke yake vita iliyopiganwa katika mashamba yetu. Naye amekwisha kuieleza, na katika maelezo yake wamo majemadari, mito na tarehe.

Waliokuwa vitani hawako tena. Watoto wao nao wamekwisha kufariki au ni wazee sana. Waliosalia ni wajukuu na vitukuu, na katika nyumba nyingi za Ngara, Biharamulo, Tabora na kwingineko limebaki jambo moja dogo: babu fulani alichukuliwa wakati wa vita vya Wadachi, hakurudi. Neno hakurudi lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Ndani yake mna jina, ukoo, kijiji, na pengine upande alikoelekea. Mwanafunzi wa historia aendapo likizo kwao na aulize. Akipata jina moja, aliandike. Na mbele ya jina aandike, bila haya wala kupamba, sababu ya kifo: kuhara damu, homa, kichomi. Hicho nacho ni kifo cha vita.